Kopo Nyuma ya Kitabu

Mstari wa wageni naujua tangu utoto.
Niliukariri kwa fimbo, darasa la kipaimara,
nikausema mbele ya kanisa bila kumeza mate,
nikapewa kalamu ya risasi na makofi matatu.
Miaka arobaini nimeuweka ulimini
kama pipi ya kifua: wanukia, hauyeyuki.

Nyumba yangu, hapa Muheza,
iko hatua mia mbili toka lango la hospitali,
na lango lile, likifungwa jioni,
hutema watu.
Hulala barazani mwa maduka, wawili kanga moja.
Mimi huwaona. Nafunga dirisha, nasema ni mbu.

Kisha akaja Bi Mwanatumu wa Duga.
Mvua ya vuli ilikuwa imetushtukiza,
naye akapiga hodi moja tu,
hodi ya mtu aliyekwisha kujibiwa hapana kutwa nzima.
Mjukuu wake wodini, mguu umevimba, haugusiki.
"Nipe upenu tu. Ndani sitaingia."
Nikasema karibu.
Ulisema mdomo. Moyo ulibaki nje, umesimama mvuani,
ukiuliza: siku ngapi?

Wahenga walinipa siku mbili, ya tatu jembe.
Ya tatu nilimpa jembe kwa macho.
Akaamka kabla yangu, akafagia uwanja,
akatwanga kisamvu,
na hilo nalo likaniudhi:
mchi wa marehemu mama, mkono wa mtu baki.

Na sukari. Niseme?
Bei ilikuwa imepanda, na kijiko chake kilijaa kilima.
Siku ya nne nilichukua kopo
nikalificha rafuni, nyuma ya Kitabu,
mahali nilipojua hapana atakayegusa.
Hata mimi.
"Imekwisha," nikamwambia.
Akanywa chai chungu, akashukuru.

Usiku ule umeme ulikatika.
Alirudi na habari ya kisu: kesho mtoto atapasuliwa.
Akaswali kwenye kona niliyomgawia,
kati ya kabati na gunia la machungwa,
kisha akakaa, mikono mitupu mapajani.
"Mwalimu, una Kitabu pale. Nisomee chochote,
nisikie sauti ya mtu."

Nikanyoosha mkono.
Kitabu kikatoka; kopo likakifuata,
likagonga sakafu, likabingirika, likamwaga
mstari mweupe, mrefu,
kutoka miguuni pangu mpaka miguuni pake.

Ndio mstari wa kwanza niliousoma maishani.

Hakusema neno. Alisogeza kibatari,
akachutama, akaanza kuzoa kwa kiganja,
zilizo safi kando, zenye mchanga kando.
"Sisimizi hawachelewi, mwenzangu. Njoo tuwahi."
Mwenzangu!
Ndani ya nyumba yangu mwenyewe, nimepiga magoti,
nikakaribishwa.

Kisha nilisoma. Sauti ilikwama palepale pa wageni,
pale pa makofi matatu.
Naye akangoja, kama mtu anayengoja mwenzake
avuke kijito.

Mtoto alipona; anachechemea, lakini anakimbia.
Waliondoka na basi la asubuhi, na machungwa kwenye ndoo.

Usidhani nimekuwa mwema.
Juzi hodi ilipigwa, nikatazama saa kwanza.
Kinu cha mama hakikuchimbika siku moja:
ni mchi, na mchi, na mchi tena,
na kila anayekuja kutwanga
hukiachia kina cha unywele.

Kopo sasa linakaa mezani.
Bado nahesabu vijiko vya watu. Nahesabu kimoja, viwili,
cha tatu nafumba macho.
Na Kitabu, ukikifungua, kurasa zinagandana kidogo;
sisimizi wamekwisha kuijua njia,
wanaingia pasipo hodi.